Mwizi ameshikwa, sasa faili iende wapi? Njia nne zilizo mezani pa kiongozi wa mashtaka

Kijana ameshikwa na simu ya mama muuza mboga. Chifu amewahi kufika kabla umati haujapata petroli, polisi wamemchukua, namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, imeandikwa, na Katiba inawapa saa 24 wamfikishe mahakamani, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia wikendi. Mtaani kila mmoja ana hukumu yake. Mama anataka simu. Jirani anataka kijana afungwe. Mamake kijana ameshaanza kuzungukia wazee akitafuta pa kuombea msamaha. Na faili yenyewe, karatasi chache tu, inaelekea kwa mtu ambaye wengi wetu hatumjui hata kwa sura: kiongozi wa mashtaka wa mahakama ya hapo karibu.

Zamani mtu huyo, kwenye mahakama nyingi za mahakimu hapa Kenya, alikuwa polisi. Aliyeshika na aliyeshtaki walikula meza moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 157, ikaweka mamlaka ya kushtaki mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na sheria ya 2013 ikaipa ofisi yake, ODPP, muundo wake. Kidogo kidogo mawakili wa ofisi hiyo wakachukua nafasi za polisi mahakamani. Kwa mtaa, hilo lina maana kubwa: anayeamua kushtaki ana njia zaidi ya moja, na Katiba inamtaka azingatie maslahi ya umma, pamoja na kuzuia mahakama kutumiwa vibaya.

Hapa naziweka njia nne kando kando: suluhu ya nyumbani, mpango wa kando, makubaliano ya kukiri kosa, na kesi kamili. Uamuzi wa mwisho si wetu. Lakini aliyeibiwa, familia ya mshukiwa na majirani wana nafasi ya kusema wanapendelea ipi, na wanaosema kabla hati ya mashtaka haijasomwa husikika kuliko wanaokuja miezi sita baadaye wakinung'unika kwenye veranda ya mahakama.

Suluhu: ya haraka, na ina mtego

Hii ndiyo humjia kila mtu kwanza. Wazee wanakaa, simu inarudi, fidia kidogo inatolewa, watu wanapeana mkono. Katiba haiipingi. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama ziendeleze upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikanyage haki za msingi. Nacho kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu hakimu kusimamisha au kumaliza kesi ya shambulio la kawaida, au ya kosa lingine la kibinafsi lisilo zito, watu wakipatana kwa masharti ambayo mahakama imeyakubali.

Yasome maneno hayo polepole. Kosa liwe la kibinafsi, na lisiwe zito. Kwa jumla, sheria yetu ya adhabu huhesabu kosa kuwa zito pale kifungo chake kinapofika miaka 3 au zaidi, na wizi wa kawaida unagusa hapo hapo kwenye 3. Wizi wa mbuzi ndio balaa kabisa: unaingia kwenye wizi wa mifugo, ambao kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Kwa hiyo majirani wawili waliorushiana makonde juu ya mpaka wa shamba wana mlango wazi wa kifungu cha 176. Aliyeiba mbuzi wa jirani hana, hata kama wazee wameshakula na kunywa. Zipo mahakama zilizotumia kifungu cha 159 kukubali suluhu zaidi ya hapo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali hata shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kumalizana kimila, ngamia wakiwa sehemu ya fidia. Wanasheria wamebishana juu ya uamuzi huo tangu siku ile, na mimi nisingemshauri mtu ajenge matumaini yake juu yake.

Kuna dhana moja inayowapotezea watu nauli: "Mimi ndiye mlalamishi, nimeiondoa kesi yangu." Kesi ikishafika kortini inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, na wewe umekuwa shahidi. Unaweza kuomba iondolewe, kifungu cha 204 cha sheria ile ile ya mwenendo wa kesi za jinai kinakuruhusu, ila lazima hakimu aridhike kwamba sababu zako zinatosha. Hata Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe hawezi kuiacha kesi njiani bila ruhusa ya mahakama. Ni kinga kwako. Anayekutisha ili uondoe kesi anakuta mlango mwingine umefungwa.

Faida za suluhu zinajulikana. Mama anapata simu wiki hiyo hiyo, na majirani wanabaki majirani. Hasara yake huonekana baadaye: hakuna maandishi. Kijana yule akihamia mtaa wa pili na kuiba tena, huko anaanza kama malaika. Tena suluhu ina mizani mibovu pale ambapo mmoja ana nguvu kuliko mwenzake. Mpangaji na mwenye nyumba, kibarua na mwajiri, mke na ukoo wa mume: hapo "tumekubaliana" mara nyingi ina maana mmoja ameagizwa akubali.

Na kuna mahali ambapo suluhu haina nafasi kabisa. Kaskazini mashariki wanaiita maslaha. Wanaume wanakaa chini ya mti, mifugo inahesabiwa, na msichana aliyenajisiwa hajaulizwa hata neno moja. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa 12 hadi 15, na kisichopungua 15 kwa aliye na 16 au 17. Sheria hiyo hiyo imeuweka uamuzi wa kusitisha upelelezi au kesi ya namna hii kwa mkuu wa mashtaka ya serikali. Baba wa mtoto hana uwezo huo, wala chifu, wala OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Mkiona kikao cha maslaha kinaitishwa juu ya mtoto, hakuna cha kulinganisha tena. Pigeni simu ofisi ya mashtaka ya kaunti.

Mpango wa kando

Maofisini wanauita daivashoni. Sera yake ODPP iliitoa 2019, na bado watu wengi hawajawahi kuisikia, jambo linalosikitisha kwa sababu kwa kesi ya kijana wetu na simu ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Kazi yake ni hii. Kiongozi wa mashtaka anaona ushahidi upo, kosa si kubwa, na aliyelitenda si mzoefu. Badala ya kuendelea na mashtaka, anamwekea masharti kwa maandishi: rudisha simu, omba msamaha mbele ya mwenyewe, lipa hasara, hudhuria ushauri nasaha, fanya kazi ya jamii kwa muda fulani. Mshukiwa lazima akubali kwa hiari na awajibike kwa alichofanya. Akitimiza, kesi inaishia hapo bila hukumu. Akikaidi, faili inarudi kwenye njia ya kawaida ya mahakama na mashtaka yanaendelea.

Ukiuweka bega kwa bega na suluhu, unaweza kudhani ni kitu kimoja: simu inarudi, watu wanasameheana. Tofauti iko kwenye karatasi na kwenye kamba. Karatasi ina maana ofisi inajua kijana huyu ameshawahi kupewa nafasi. Kamba ina maana akijaribu kucheza, anavutwa. Na kwa kijana mwenyewe kuna jambo la cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Waajiri wanakitaka, kampuni za ulinzi wanakitaka, anayeomba kazi ya ng'ambo anatakiwa nacho. Kijana wa miaka 19 aliyehukumiwa kwa simu ya elfu chache anaweza kufungiwa milango hiyo yote, halafu sisi tunashangaa kwa nini bado yuko kibandani akipiga soga na wahuni.

Kwa watoto nguvu yake imeongezeka. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikaweka kwamba aliye chini ya 14 anachukuliwa kuwa hana uwezo wa kutenda jinai hadi ithibitishwe vingine, na ikaipa njia hii ya kando sehemu yake rasmi. Mtoto wa shule aliyevunja kioo cha duka asianze safari yake kwenye seli. Ukimwona kiongozi wa mashtaka, muulize kuhusu mpango huu kwa jina. Wengine hawatautaja mpaka waulizwe.

Lakini nisiupambe. Una udhaifu mara mbili. Kwanza, asiye na hatia anaweza kukubali kosa ili tu alale nyumbani usiku huo. Mzazi anayemwambia mwanawe "kubali tu yaishe" afikirie mara mbili, na amtafute wakili au mtu wa msaada wa kisheria kwanza. Pili, unategemea mtu wa kufuatilia. Afisa wa probesheni, yule wa serikali anayesimamia walio chini ya masharti, ana mafaili yake mengi. Kama mtaa haujui masharti, hakuna wa kusema kwamba kijana hajaonekana kwenye kazi ya jamii tangu wiki ya kwanza. Hasira nyingi za "wamemwachilia!" ambazo nimezisikia barazani zilitoka hapo: mtu hakuachiliwa, aliwekewa masharti, ila hakuna aliyewaambia majirani.

Makubaliano ya kukiri kosa

Hii nitaipita upesi kwa sababu inamhusu zaidi aliyeshtakiwa tayari. Ilitiwa kwenye sheria 2008. Upande wa mashtaka na mshtakiwa wanajadiliana: anakiri kosa dogo kuliko lile la kwanza, au mashtaka mengine yanaondolewa, na fidia inaweza kuingizwa humo. Hakimu haruhusiwi kushiriki mazungumzo. Anachofanya ni kuhakikisha mshtakiwa anaelewa anachokiacha. Makosa ya kingono hayamo kabisa kwenye utaratibu huu.

Kwa mwathiriwa, jambo la kukumbuka ni kwamba kiongozi wa mashtaka anatakiwa kukupa nafasi ya kusema kabla makubaliano hayajafungwa, na kama kuna fidia, sahihi yako inahitajika. Usipoulizwa, nenda uulize. Kwa mshtakiwa, ni hukumu. Itaonekana kwenye rekodi, na ukishaikubali huna rufaa isipokuwa kuhusu uzito au uhalali wa adhabu. Ukilinganisha na mpango wa kando, hapa unalipa zaidi. Ukilinganisha na kesi kamili, unaokoa miaka.

Kesi kamili

Kuna makosa ambayo mtaa hauwezi kuyavumilia usiku mmoja zaidi: unyang'anyi wa panga, ubakaji, genge linalotoza wafanyabiashara, mtu aliyeahidi mbele ya watu kwamba atarudi kummaliza jirani. Hapo kesi kamili haina mbadala. Lakini msidhani kwamba kuchagua kesi kamili ni kumkabidhi kiongozi wa mashtaka mzigo kisha mkaenda zenu. Njia hii ndiyo inayoudai mtaa kuliko zote.

Inahitaji mashahidi, na mashahidi huchoka. Kesi inaahirishwa kwa sababu wakili hayupo, kisha kwa sababu faili ya polisi haijaletwa, kisha hakimu amehamishwa. Mama muuza mboga anafunga kibanda siku nzima, anapanda matatu, anaambiwa arudi mwezi ujao. Mara ya nne haji. Sheria inasema mlalamishi asipofika licha ya kupewa taarifa, hakimu anaweza kumwachilia mshtakiwa. Mara nyingi mtu tunayedai "alihonga akatoka" alitoka kwa sababu sisi hatukufika. (Sisemi hongo haipo. Nasema tuanze kuhesabu na viti vyetu vilivyokuwa vitupu.)

Kama kuna jeraha, fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe mapema na daktari, kabla kidonda hakijapona na ushahidi kupona nacho. Kama shahidi anatishwa, aambiwe kiongozi wa mashtaka siku hiyo hiyo: ipo sheria ya ulinzi wa mashahidi tangu 2006, na hata kabla ya kufika huko, vitisho ni sababu nzito ya kupinga dhamana. Na kufungwa si mwisho pekee wa kesi kamili. Tangu 1998 hakimu anaweza kumpa mtu huduma kwa jamii badala ya jela pale kifungo kisipozidi miaka 3, na mtu huyo anakuja kufagia soko lile lile aliloiba.

Mtaa unasemea wapi

Watu wanaulizia usalama kwenye barabara, kwa kelele, wakati milango iko mingine.

Mlango wa kwanza ni dhamana. Katiba inampa kila mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana isipokuwa kuna sababu kubwa ya kumzuia. Mahakama ikitaka kujua zaidi, humtuma afisa wa probesheni mtaani. Huyo ndiye anayekuja kuuliza kwa chifu, kwa majirani, kwa mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa ulinzi wa majirani: mtu huyu ana makao? Ana familia? Mna hofu naye? Hasira za mtaa zimepoa? Wengi humjibu kwa mkato, "ni mtu mzuri tu," kwa kuogopa, kisha wanashangaa kumwona yuko nje. Mwambieni ukweli wenye mifano. Nimeona sentensi moja yenye mfano ikibadilisha masharti ya dhamana.

Mlango wa pili ni kamati ya watumiaji wa mahakama. Kila kituo cha mahakama kinatakiwa kuwa nayo, na huongozwa na hakimu mkuu wa kituo. Mezani hukaa kiongozi wa mashtaka, polisi, magereza, probesheni, afisa wa watoto, mawakili na wawakilishi wa jamii. Ndipo mahali pa kusema kwamba wezi wa pikipiki wanatolewa wakirudi kwenye steji ile ile, au kwamba mashahidi wanasubiri saa tano bila kuambiwa kesi imeahirishwa. Humo hamjadiliwi kesi ya mtu mmoja, kwa hiyo msiende na faili ya mjomba. Nendeni na mwenendo: mambo yanayojirudia, mahali, siku.

Wa tatu ni ofisi ya mashtaka ya kaunti yenyewe. Kiongozi wa mashtaka akikataa kushtaki na hamkuelewa kwa nini, andikeni barua muombe uamuzi uangaliwe upya. Tangu Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014, mwathiriwa ana haki ya kupashwa habari za kesi yake. Hilo ni deni, si fadhila.

Mimi ningechagua hivi

Majirani waliopigana, hakuna aliyeumia vibaya, na wote wana sauti sawa: suluhu, lakini mbele ya hakimu na iandikwe, msiiache barazani. Kijana wa kosa la kwanza lisilo na damu: mpango wa kando, na mmoja wa majirani apewe nakala ya masharti. Mshtakiwa ambaye ushahidi umemkaba na mwathiriwa anataka fidia kuliko kisasi: makubaliano. Damu, mtoto, silaha, au mtu aliyeshapewa nafasi mara mbili: kesi kamili, na mtaa uchangie nauli ya mashahidi kabla ya kuchangia kitu kingine chochote.

Panapogawanyika ni katikati. Mtu wa miaka 30, kosa la pili, aliiba lakini hakumgusa mtu. Hapo naangalia jambo moja tu: nani atakuwa anamwona kila siku baada ya faili kufungwa? Kama kuna mwajiri, mama mkali au imamu anayemsimamia kwa dhati, naegemea mpango wa kando. Kama jibu ni "hakuna", basi masharti yote yaliyoandikwa ni hewa, na bora ahukumiwe awekwe chini ya afisa wa probesheni mwenye mamlaka ya kumrudisha kortini.

Na simu ya mama? Kesi kamili ikichaguliwa, simu ni kielelezo cha ushahidi, nayo inaweza kukaa kituoni mpaka hukumu. Mama asiondoke ofisini kwa kiongozi wa mashtaka bila kuuliza kama inaweza kupigwa picha, namba yake ya utambulisho iandikwe, na mahakama iombwe imrudishie. Ndani ya simu ile kuna M-Pesa ya biashara.